Kuku wa Kishingo wa Hetal

Pale Usagara, njia inapogawanyika moja ikaelekea Shinyanga na nyingine Kigongo, hakuna aliyewahi kumwita Hetal mgeni. Babu yake alinunua pamba kwa wakulima wa Misungwi, baba yake akauza vitambaa, na yeye na mumewe Sachin wakafungua duka la misumari, rangi na mabomba. Kisukuma alikiokota mtaani akicheza na wenzake. Kigujarati kilibaki cha jikoni na cha sala.

Sachin alipofariki kwa ugonjwa wa moyo, binti yao Nisha alimsihi mama yake ahamie kwake Dar es Salaam. Hetal akakataa. "Nitafanya nini huko ghorofani? Nikae dirishani nihesabu magari?" Basi akabaki. Ila kubaki kulikuwa rahisi kuliko kuamka. Jua lilipanda hadi dirishani yeye bado amejifunika shuka. Kijana wa dukani alifungua na kufunga peke yake. Chakula alichopika kwa mazoea ya watu wawili kilichacha sufuriani.

Jirani yake alikuwa Odeta, mzaliwa wa Sengerema, mwanamke mwenye sauti ya kuita ng'ombe walio ng'ambo ya mto. Nyumba zao zilitenganishwa na ukuta mfupi tu, na watu walimjua Odeta kwa kuku wake wa kienyeji. Asubuhi moja aliingia uani kwa Hetal bila hodi, amekumbatia mtetea mchanga wa kishingo, wale wasio na manyoya shingoni, amefungwa kamba mguuni.

"Mama Malimi," Hetal akasema, maana ndivyo alivyomwita kwa jina la mwanawe wa kwanza, "unajua sisi hatuli kuku."

"Nani kasema umle? Nimekuletea umfungulie mlango asubuhi. Usipomfungulia atapiga kelele, na mimi nitakuja kukusema."

"Na hii kamba?"

"Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Akizoea, utaikata."

Kamba haikumaliza hata wiki. Hetal alimwita kuku yule Moti, yaani lulu, ingawa uzuri wa lulu hakuwa nao: shingo nyekundu tupu kama ya mzee aliyetoka kunyolewa, na jicho la mtu anayekudai maelezo. Kulipokucha alianza kulalamika bandani, na Hetal akatoka na kanga yake mabegani kumfungulia. Akishatoka, basi akafagia uwanja. Akishafagia, akachemsha chai. Akishakunywa chai, akajikuta anakwenda dukani, Moti akimfuata nyuma kama karani. Wateja walimzoea. Mafundi walipokuja kuchukua rangi walikuta kuku amelala juu ya mfuko wa saruji, na hapakuwa na ruhusa ya kumwamsha.

Mayai Hetal hakula, aliyapitisha juu ya ukuta kwa Odeta. Odeta naye akapitisha ndizi mbivu, mchicha, maneno ya mtaani. Hivyo miaka ikaenda, na wanawake wale wawili, waliokuwa wakisalimiana tu enzi za Sachin, wakawa ndugu.

Mwaka huu, mvua zilipokatika, Moti aliacha kutaga. Kisha tumbo likaanza kuvimba. Alitembea miguu imepanuka kama bata, akienda hatua chache anakaa chini, mdomo wazi, akihema. Kilemba chake kichwani, kilichokuwa chekundu kama pilipili, kikageuka zambarau.

Hetal akampigia simu Luhende, afisa mifugo, ambaye siku hiyo alikuwa upande wa Sengerema. Siku hizi daraja la Kigongo juu ya ziwa limeondoa habari ya kukaa Busisi kungojea kivuko, na alasiri hiyohiyo pikipiki yake ikaingia uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Niangalizie huyu."

Luhende alimpapasa tumbo taratibu, akasikiliza pumzi, kisha akamtoa maji kwa sindano. Maji yale yalikuwa ya njano, na yalikuwa mengi. Moti akapata nafuu, hata akadonoa punje za mahindi kiganjani mwa Hetal. Uso wa Hetal ukachangamka. Luhende hakuchangamka.

"Mama, sitaki kukudanganya. Haya maji yatarudi. Huyu ameoza ndani, kwenye njia ya mayai, na umri nao umeenda. Dawa ya kumponya sina, na sidhani kama ipo. Akianza kuhangaika tena, usimwache afie kwenye mateso. Niite, nitakuja kumpumzisha."

Hetal akaitikia kwa kichwa, lakini moyoni hakuitikia. Nyumbani kwao hata mende alisukumwa nje kwa karatasi. Mkono wake ungetoaje uhai wa Moti?

Maji yakarudi. Hetal akamhamishia jikoni, akamtandikia gunia juu ya boksi, akawa anamlisha uji wa dengu kwa kijiko. Alimwotesha jua asubuhi, akamrudisha kivulini mchana. Aliwasha taa ya sala akamwombea. Odeta alipita kila siku kutazama, na kila siku aliondoka na maneno aliyoyameza. Mwishowe yakamshinda.

"Hetal, nikuulize. Unamtunza Moti, au unajitunza wewe?"

Hetal aliweka kijiko chini. "Nenda nyumbani kwako, Mama Malimi."

Odeta akaenda. Siku ile hakuna kilichopita juu ya ukuta, wala ndizi wala neno.

Asubuhi iliyofuata Hetal alimkuta Moti ametoka kwenye boksi. Alikuwa amejivuta hadi kwenye stuli aliyozoea kupanda, anajaribu kuruka. Aliruka kiasi cha kiganja, akaanguka kwa ubavu, akabaki hapo bawa moja limetanuka, akihema kwa sauti kama ya karatasi inayochanwa. Kisha akajaribu tena. Hetal aliinama akamwinua, na mwili wake ulikuwa mzito kwa maji na mwepesi kwa kila kitu kingine. Kuku hakumdonoa, hakulalamika. Alifumba tu macho.

Hetal alizunguka kwa mlango wa mbele, akagonga kwa Odeta kama mtu aliyekuja kuposa.

"Ulisema kweli," akasema. "Nimeona. Sasa nisaidie."

Odeta hakusema "nilikwambia." Alichukua kitenge chake kilicho laini kuliko vyote akatoka.

Luhende alipofika alitaka kuifanya kazi mwenyewe, lakini Hetal akamzuia. "Mikono ya Mama Malimi ndiyo iliyomtoa kwenye ganda. Moti anaijua. Wewe simama hapo utuelekeze."

"Kisu sitaki," Hetal akaongeza. "Damu sitaki."

"Hakuna kisu, mama," Luhende akasema. "Ni shingo tu, kwa mvuto mmoja wa haraka. Usisite katikati, ukisita ndipo anapoumia. Baadaye mabawa yatapiga. Hayo si maumivu, ni mwili tu unajimalizia. Yeye atakuwa hayupo tena."

Odeta alikuwa amechinja kuku wa harusi na wa misiba, wa Krismasi na wa wageni wa ghafla. Lakini safari hii alikunja mikono ya gauni, akaikunjua, akaikunja tena.

"Wewe ingia ndani," Odeta akamwambia. "Kama kuna dhambi, niachie mimi."

"Dhambi si mzigo wa kuni nikutwike peke yako. Nitamshika."

Wakakaa uani, magoti yakigusana. Hetal akamzungushia Moti kitenge, mabawa yakatulia, akamweka kifuani pake. Alimsemesha kwa Kigujarati, kisha kwa Kisukuma, kisha kwa Kiswahili, maana hakujua kuku huyu aliota kwa lugha gani. Alimwambia ahsante kwa asubuhi zote. Moti akatoa sauti yake ndogo ya kooni, ile ya kuku anayekaribia kulala. Odeta akashika miguu kwa mkono mmoja na kichwa kwa mwingine, akamtazama Hetal. Hetal akaitikia kwa kichwa, safari hii na moyo pia.

Ilikuwa mara moja tu. Mabawa yalipiga ndani ya kitenge, Hetal akayakumbatia mpaka yakaacha. Luhende akachuchumaa, akagusa jicho kwa ncha ya kidole. Halikupepesa.

"Ameenda," akasema. "Mmemfanyia vizuri."

Yeye ndiye aliyechimba shimo nyuma ya tangi la maji, shimo refu mbwa wasije wakafukua. Wakamzika na kitenge chake. Hetal alipotaka kumlipia Odeta kitenge kingine, Odeta alimsukuma mkono.

Baada ya Luhende kuondoka, Odeta alikaa kwenye ngazi ya jikoni akalia. Alilia kama alivyozungumza, kwa sauti, mtaa mzima ukasikia. Hetal alileta beseni la maji ya uvuguvugu na sabuni, akapiga magoti, akamwosha mikono, kidole kwa kidole, kama anavyooshwa mgeni wa heshima kabla ya kula. Kisha akamfuta kwa kanga yake mwenyewe.

"Wabeja, Mama Malimi," akasema kwa Kisukuma. "Wabeja sana."

"Usinishukuru kwa jambo kama hili," Odeta akajibu akipenga kamasi.

"Kwa jambo kama hili ndipo pa kushukuru. Kwa chumvi na moto tunashukuriana kila siku."

Hetal akainuka kuchemsha chai, akaponda tangawizi nyingi na iliki, na walipoanza kunywa wakajikuta wanasimuliana vituko: siku Moti alipokanyaga kopo la rangi ya bluu akachora nyayo zake dukani kote, na fundi mmoja akauliza kama mtindo ule wa sakafu unauzwa. Walicheka hadi Odeta akapaliwa. Alipopata pumzi alifuta macho, akanyoosha kikombe chake, akaomba aongezewe.