Mrehani Kati ya Matango

Mwanangu, ipo asubuhi moja ya ujana wangu ambayo mpaka leo nikiikumbuka natabasamu. Nilikuwa mke mgeni hapa Guta, nimeolewa kutoka Kiriba, na mama mkwe alikuwa amenipa kipande cha shamba nilime matango ya mbegu. Si ya kula, hapana. Haya unayaacha mpaka yakomae na kuwa ya njano, ndipo unatoa mbegu.

Msimu wa kwanza yalinitia aibu. Yalipinda, huku manene huku membamba, na ukipasua unakuta mbegu bapa, tupu kama maganda. Mama mkwe aliyatazama, akasema, "Msimu ujao yakiwa hivihivi, narudisha pamba yangu hapa." Na yeye hakuwaga mtu wa utani.

Kilichonishangaza ni kona moja, upande wa uzio. Pale yalinyooka, na mbegu zimejaa. Udongo uleule, maji yaleyale niliyochota ziwani. Kwa nini pale tu? Hata nikisonga ugali nilikuwa naiwaza kona ile.

Basi matango ya msimu wa pili yalipoanza kuchanua, nikaenda asubuhi, nikachuchumaa katikati ya mistari. Mama mkwe akanikuta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona unakaaga hapo kama kuku anayeatamia? Kazi zimeisha?"

"Naangalia wadudu, mama."

"Wadudu wanaangaliwa, au wanauawa?"

Hata mimi sikujua natafuta nini hasa. Akaondoka akiguna.

Lakini niliona. Nyuki walikuwa wanatokea ng'ambo ya uzio, kwa Mzee Shabani, fundi cherehani wa Bunda mjini aliyekuwa na bustani jirani yetu. Kwake mrehani na giligilani vilikuwa vimechanua, na nyuki wamevijaa. Kutoka pale walivuka kwangu, wakaingia ua hili, wakatoka na unga wa njano miguuni, wakaingia lile. Wakishapita mistari michache, wanarudi walikotoka. Huku katikati palikuwa kimya. Maua yalifunguka, yakakaa, jua likapanda, yakanywea bila kuguswa.

Nikamwita mzee pale uzioni. "Baba, hawa nyuki ni wako?"

Akacheka sana. "Wangu wapi! Mimi nilipanda mrehani kwa harufu na giligilani kwa pilau. Hao wamejialika wenyewe. Chukua mashina kadhaa, tuone kama watakufuata."

Tukayang'oa na udongo wake, maua yakiwa juu, nikayaotesha kati ya mistari yangu. Yalinyauka, nikadhani nimeyaua. Nikayamwagilia, nikayawekea kivuli cha majani, yakainuka. Siku niliyosikia mlio katikati ya shamba, nilisimama na jembe mkononi, nikashindwa hata kulima.

Matango yalipokomaa, mama mkwe alipasua la katikati kwa mkono wake. Akazibonyeza mbegu kwa kucha. Zilikuwa ngumu, zimejaa. Hakunisifu. Alisema tu, "Kesho unioneshe hao wadudu wako." Na kesho yake tulichuchumaa wawili, yeye akiuliza maswali kunishinda mimi.

Kwa hiyo, mwanangu, ukilima tango, boga au tikiti la mbegu, otesha mrehani, giligilani au alizeti katikati. Anza nazo mapema kidogo, zichanue pamoja na zao lako. Usipige dawa maua yakiwa wazi. Na aina nyingine ya tango isiwe karibu, maana nyuki huyohuyo atakuchanganyia mbegu. Zaidi ya hayo, ukiona jambo shambani hulielewi, litazame kwanza, uliza jirani, jaribu, hata kama watu wanakuona mvivu.

Mungu akupe macho ya kuona na moyo wa kuuliza. Shamba lako lisikose mlio wa nyuki, na mbegu yako iote kwa kila utakayemgawia.