Ngozi ya Ndama

Jirani yangu muuza supu akianza kubabua makongoro, ile harufu ya manyoya yanayoungua hunirudisha kwenye tembe letu, enzi za Mjerumani.

Askari walikuja kumchukua ng'ombe wetu, ili bwana mkubwa wa boma apate maziwa. Baba aliuliza amekosa nini. Wakamjibu kwa kiboko mbele yetu. Ndama walimwacha.

Ng'ombe wetu hakamuliki bila ndama wake. Ndama akifa, ngozi yake hujazwa majani, mama yake akainusa, maziwa yakashuka. Jioni ile mama alimpa baba kisu. Ndama niliyekuwa nikimlambisha chumvi kiganjani tulimla, na ngozi mama akaitupa motoni.

Askari walirudi. "Ng'ombe amegoma. Leteni ndama."

"Tumemla," mama akasema.

"Basi lete ngozi."

Mama akaonyesha majivu. "Hiyo hapo. Bwana mkubwa si ndiye mwenye amri? Amwamuru ng'ombe."

Naye wakamchapa. Sikulia. Nilikuwa namwombea ng'ombe wetu afie huko bomani kabla hajawapa hata tone.