Aliyekuwa Akimuuliza Mke Wangu Kama Amekula

Mwaka ule mke wangu alianza kupaka mafuta ya midomo kabla ya kupokea simu. Si simu ya picha, simu ya sauti tu. Alikuwa akirudi kutoka Hässelby, pembezoni mwa Stockholm, kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi, anavua viatu, anakaa kwenye kiti cha jikoni karibu na dirisha, anajipaka, kisha simu inaita. Mimi nakuwa sebuleni nimeshika rimoti ya televisheni iliyozimwa. Mara moja nilimuuliza mafuta yale ni ya nini. Akasema midomo yake inakauka kwa baridi. Ilikuwa mwezi wa sita, ambao huku Uswidi ndio wakati wa joto.

Aliyekuwa akipiga ni mshauri wa madeni. Niseme wazi kwamba madeni yalikuwa yetu wote wawili: mikopo midogomidogo ile unayoipata kwa kubonyeza simu ukiwa kwenye treni. Mmoja ulimzika baba yangu, mwingine ulitupeleka Tanzania na kuturudisha, na iliyobaki tuliikopa ili kulipa hiyo ya mwanzo. Mke wangu aliona tangazo la kampuni hiyo kwenye kundi la simu la Waswahili wa Stockholm. Walisema watazungumza na wakopeshaji kwa niaba yetu, watapunguza riba, watatufutia nusu ya deni. Sisi tuache kulipa benki, tuwalipe wao kila mwezi, na barua za benki zikija tusizifungue. Mimi nilikubali kwa sababu nilikuwa nimechoka. Mke wangu alikubali kwa sababu mama yake alikuwa mgonjwa Tabora, na hakuna benki ambayo ingetukopesha nauli tena.

"Tukimaliza hili," yule bwana alimwambia, "Pasaka unaila na mama."

Alikuwa mtu wa Mombasa, au alijifanya hivyo. Kiswahili chake kilikuwa laini, kinateleza. Mimi ni mtu wa Singida. Nikikuamkia asubuhi unaweza kudhani nimekuja kugombana. Kila jioni alianza hivi: "Mama yuaendeleaje, dadangu? Na wewe, umekula?" Najua kwa sababu mke wangu aliweka simu kwenye spika huku akimenya viazi, akijua kabisa kwamba nasikia. Hakuwa anaficha kitu. Hilo ndilo lililonikera zaidi, maana mwanamke anayeficha unaweza kumfumania.

Taratibu yule bwana akaingia nyumbani kwetu bila kuvua viatu. Sukari ilipunguzwa, mshauri amesema. Chaneli ya mpira ikakatwa, mshauri amesema. Mimi nilikuwa nimeomba miaka na miaka tuache kununua mapazia mapya kila Krismasi, nikaambiwa sijui mambo ya nyumba. Yeye alitaja mapazia mara moja tu, na mapazia yakaisha. Binti yetu, ambaye tukimsemesha Kiswahili hujibu Kiswidi, akaanza kumwita farbror, neno la Waswidi kwa kaka wa baba. Yaani mtoto wangu alikuwa amepata baba mdogo ambaye bibi yake hakumzaa.

Na mke wangu alikuwa anacheka. Kicheko kile nilikijua, kilikuwa changu, nilikipata kwa taabu tulipokuwa wachumba. Sasa nilikuwa nakisikia kupitia ukutani.

Siku moja sikuwa na zamu uwanja wa ndege, ninakopakia mizigo. Nikavaa suti yangu ya harusi, nikapiga viatu rangi, nikaenda kumtafuta. Nilitaka kumwona sura. Nilitaka awe na kitambi, na meno mabovu ikiwezekana. Anwani iliyokuwa kwenye mkataba ilinipeleka katikati ya mji, kwenye jengo la vioo. Mapokezi palikuwa na msichana mmoja na ukuta mzima wa masanduku ya barua. Alinieleza kwa upole kwamba pale kampuni nyingi hukodi sanduku tu, na kwamba hajawahi kumwona mtu yeyote wa kampuni ninayoitaja.

Mtu mwenye akili zake angekimbia siku hiyohiyo kuzungumza na benki. Mimi, nikiwa kwenye treni ya kurudi Akalla, tunakoishi, nilifikia uamuzi mwingine kabisa. Mtu asiye na ofisi si mshauri, nilijiambia. Ni hawara.

Nikamwambia mke wangu hivyohivyo, jikoni, hata koti sijavua.

"Huyo bwana hana ofisi. Nimefika. Kuna sanduku la barua tu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nataka kujua mnakutana wapi."

Aliniangalia suti, akaniangalia tai, akashuka mpaka kwenye viatu.

"Mimi nageuza wazee vitandani tangu alfajiri ili nikamwone mama yangu," alisema, "na wewe umevaa suti kunitafutia hawara."

Akaingia chumbani. Habari ya ofisi ikafia hapo. Nilikuwa nimeifunga pamoja na tusi, naye akavitupa vyote viwili. Tangu siku ile alizungumza nami mambo ya chakula na ya shule ya mtoto tu, na jioni zake zote akampa yule wa kwenye simu.

Majani yalipoanza kupukutika, mshahara wake ukaja pungufu. Benki hazikuwa zimelipwa, nazo zilikuwa zimelipeleka deni serikalini, na serikali ilikuwa inakata kwenye mshahara kabla haujamfikia. Akampigia mshauri wake. Namba haitumiki. Akapiga tena amesimama, akapiga amekaa, akachukua simu yangu, akachukua ya binti.

Nami, nitasema kama ilivyokuwa, nilifurahi. Nilisimama mlangoni nikimwangalia akibonyeza, na moyo wangu ulikuwa mwepesi kama wa mtu aliyetoka hospitali. Ilichukua mpaka jioni nielewe kwamba tumeibiwa, maana nilikuwa bado nashangilia kwamba mgeni ameondoka. Miezi yote ile nilikuwa namlinda mke, na mwizi alikuwa amekuja kwa ajili ya mshahara.

Manispaa ina mshauri wa madeni, tena wa bure. Alikuwapo siku zote, vituo vichache tu kutoka kwetu. Ni mama wa Kiswidi mwenye sweta la kijivu, na alifungua bahasha zetu moja baada ya nyingine bila kutugombeza. Ile kampuni ilikuwa imejilipa ada zake kwanza, akasema, na hakuona dalili kwamba imewahi kuiandikia hata benki moja. Riba ilikuwa imeendelea kukua. Angetusaidia kuomba nafuu ya serikali, lakini itakuwa miaka ya kufunga mkanda. Mke wangu alikuwa na swali moja tu, kuhusu Pasaka na nauli ya Tabora. Yule mama akavua miwani. Si Pasaka hii, alisema, wala ijayo.

Tukiwa kwenye treni ya kurudi ndipo mke wangu alipolia.

"Hela tutazifanyia kazi," alisema. "Lakini alikuwa ananiuliza kila siku kama nimekula."

"Alikuwa analipwa kwa hiyo kazi."

"Najua. Na wewe nani alikukataza?"

Nilitazama nje, kwenye giza la handaki, nikamchukia yule bwana upya, safari hii kwa sababu nyingine. Tulikwenda kumshtaki polisi na sijui kama watampata. Wakimpata, nitakuwa na mengi ya kumuuliza, na fedha haitakuwa ya kwanza.

Wiki iliyofuata, wakati wa mapumziko, nilijibanza nyuma ya matoroli ya mizigo nikampigia mke wangu.

"Kuna nini?" aliuliza, kwa kuwa mimi hupiga pakiwa na tatizo.

"Hakuna kitu. Umekula?"

Ndege ilikuwa inaruka, nikadhani hakunisikia.

"Nimekula," alisema. Kisha, taratibu: "Yeye alikuwa anaanza na mama."

Iliniuma mpaka nikakaa chini kwenye toroli. Kesho yake nilianza na mama.