Mwenye Mbuzi wa Paris

Mdogo wangu hakuwa mdogo wangu wa damu. Mashua ya jirani zetu ilipopinduka tukikimbia Burundi, baba alimvuta kutoka ziwani akiwa hajaweza hata kutembea vizuri, na mama yake hakuonekana tena. Tuliposhuka Mwamgongo, upande wa Kigoma, mama alikuwa ameshambeba mgongoni, na kambini baba alimwandikisha kuwa mtoto wetu. Nani angeuliza? Kila mtu alikuwa na yake.

Miaka ikaenda. Shule ya kambi ikaletewa sanduku la vitabu vya picha, naye akang'ang'ania kimoja: mbuzi mweupe anatembea peke yake Paris, anapanda mnara wa chuma, anachungulia mto, anakula maua ya watu mbele ya hoteli. Mama kilimuudhi kitabu kile. "Mbuzi mnono hivi azunguke mji mzima asichinjwe? Waongo hawa." Mimi nilikipenda, maana nilijua huko ndiko tutakakohamia.

Majina yetu yalikuwa yametoka. Tungeitwa Kigoma mjini kuhojiwa, na tukifaulu tungepelekwa Ulaya. Kambini kila familia ilijua kazi yake: mnakariri maneno mpaka yawe kitu kimoja, kwa sababu mkipishana mmekwisha. Kila jioni baba alituuliza: mama yenu nani, mmezaliwa wangapi, mlivuka na nani. Mdogo wangu alijibu vizuri kuliko mimi. Hatukuwahi kumwambia kwamba kwake majibu yale yalikuwa ya kutunga. Tulidhani hajui.

Siku yenyewe alikwenda na kitabu chake kwapani. Aliyetuhoji alikuwa dada mmoja mpole, na upole wake ndio uliotumaliza. Mkali tulikuwa tumejiandaa naye. Maswali yaliisha salama. Akafunika kalamu, akamwuliza mtoto, kwa kumchangamsha tu, kitabu chake kinasema nini.

"Mbuzi anamtafuta mwenyewe," alisema mdogo wangu. Kwetu mbuzi hana matembezi. Ukimwona peke yake, kuna mtu amempoteza.

"Na mwenyewe yuko wapi?"

"Amebaki ziwani. Kama mama yangu."

Mama alikuwa ameketi kando yake, mabega yamegusana. Baba alianza kucheka, akaacha. Yule dada akafunua tena kalamu.

Hatukuitwa tena, wala hatukupata jibu. Baba alizeeka tangu siku ile, na mimi nilimchukia yule dada kuliko wanajeshi waliotutoa kwetu. Mtoto alisikia wapi? Bombani, kwa wenzake waliokuwa wakichota maji, zamani sana. Alijua, akanyamaza, na kila jioni akatujibu kama tulivyotaka.

Siku ile tulirudi kambini kwa lori. Njia nzima hakuna aliyemgombeza. Tulipoupita mji, yeye mwenyewe akaanza, kwa sauti ile ile ya jioni: mama yangu ndiye huyu. Tumezaliwa wawili. Tulivuka sote. Akafika mwisho, akarudia tangu mwanzo, bila kukosea hata neno, na hakuna aliyekuwa amemwuliza.

"Basi, mwana wanje, mwanangu," mama alimwambia, akamvuta kifuani.

Hakunyamaza mpaka tulipofika.