Mpunga Uliozikwa Buganguzi

Datius wa Buganguzi ni mrefu, baba yake alikuwa mrefu, na mgomba wake ukidumaa huuona kama tusi la ukoo. Kwa hiyo alipoleta mbegu ya mpunga mfupi, tulicheka mpaka rubisi, pombe yetu ya ndizi, ikamwagika. Hakujali. Ule mrefu wa mwaka jana mvua iliulaza chali, akavuna matope. Na mkewe Joviana, mwenye bonde kwa urithi, alishampa msimu wa mwisho: mpunga ukishindwa tena, bonde linarudi kwenye magimbi.

Datius akapanda kama Mhaya anavyopanda mgomba: shimo kwanza. Mbegu ikaenda chini kina cha kidole kizima, juu akatandaza nyasi kama yuko kibanjani, kwenye migomba yake. Magugu yakaota. Mpunga, kimya.

Joviana akaja kutazama. "Baba Evelyne, hapa umepanda au umezika?"

Datius akaapa kwamba muuzaji wa Bukoba kampa mbegu mfu. Ili akamuumbue mbele ya wateja, akajaza udongo kwenye chupa ya jemu, akapanga mbegu zikigusa kioo: fupi chache juujuu, nyingine chini kabisa, na pembeni yake, chini vilevile, zile ndefu za zamani.

Ushahidi ukamgeuka. Zote ziliota. Ndefu zilipenya mpaka juu. Fupi za juujuu nazo zikatoka; za chini zilinyoosha shingo, zikakwama njiani, zikajikunja gizani.

Bwana shamba wa Nshamba alipoiona chupa akamweleza kwamba jeni ya ufupi haingoji mpunga usimame shambani. Inapunguza kichocheo cha kurefuka, na kiinitete kilichomo ndani ya mbegu huchipua kikiwa kifupi tayari. Ukikifukia chini sana, hakiufikii mwanga.

Mwingine angeona aibu. Datius alirudi kaibeba chupa kama padre kwenye maandamano ya Ekaristi.

"Mama Evelyne, nimegundua. Mfupi ni mfupi tangu tumboni."

"Umegundua baada ya matanga."

"Wataalamu wote huanza na msiba."

Joviana akacheka, na akicheka Joviana, bonde limepona. Alitoa sharti moja tu: jembe libaki nyumbani. Mbegu zilizosalia wakazifukia wenyewe kwa ncha ya kidole, kina cha ukucha, bila nyasi.

Bonde likawa kijani ukingo hadi ukingo. Miche ya magimbi iliyokuwa ikisubiri uani alipewa jirani, na Datius akamwelekeza, bila kuulizwa, namna ya kuchimba shimo.