Bronia Kosiba na Tangazo la Sabuni

Kabla hawajamtia kwenye televisheni, shangazi yangu Bronia Kosiba alijulikana mtaani kwetu Polish Hill kwa kufua. Masizi ya viwanda vya chuma vya Pittsburgh yalituingia mpaka kwenye mkate, lakini vitambaa vya altare vilivyotoka mikononi mwake viling'aa hata Padri Szymczak akawa anaona haya kuvigusa kabla hajanawa. Alitumia mche wa sabuni, maji yanayochemka, bluu kidogo ya kufulia, na jua likipatikana. Mumewe alifia kiwandani, na tangu hapo ufuaji ndio uliomlisha.

Mwaka 1958, wiki chache baada ya Pasaka, watu wa matangazo walikuja kutoka New York wakafunga taa zao kwenye ukumbi wa parokia. Walitaka akina mama wa kweli, si waigizaji. Kila mmoja alipewa pakiti ya Glorel, sabuni mpya ya unga, akaijaribu nyumbani wiki nzima, kisha akarudi kusema mbele ya kamera ameionaje.

Shangazi alirudi na vitambaa viwili. Mimi nilikuwa pembeni nimemshikia koti.

"Haya, Mama Kosiba," akasema mkubwa wao, Bwana Tolliver, kijana mwenye tabasamu lisilozimika. "Umeionaje Glorel?"

"Bwana, nimefua miaka thelathini na moja, sijapata kuona sabuni kama hii! Tazama, kitambaa kimekuwa rangi ya maji ya viazi. Sasa angalia hiki cha pili, nimekifua mwenyewe kwa mche. Huu ndio weupe!"

Akina mama wenzake walicheka. Tolliver naye akacheka, akamshukuru, akamletea karatasi atie sahihi. Shangazi hakujua kusoma Kiingereza, akanigeukia.

"Ni ya picha tu, shangazi," nikamwambia bila kuisoma. "Tia sahihi twende." Mpaka leo najilaumu.

Mwezi Agosti tulikuwa kwa majirani zetu akina Duda tunatazama mchezo wa bolingi. Mchezo ukakatishwa kwa tangazo, na shangazi akatokea na leso yake kichwani. "Nimefua miaka thelathini na moja, sijapata kuona sabuni kama hii!" Hapohapo ikaja picha ya pakiti ya Glorel, na kando yake kile kitambaa cha pili, kile alichokifua kwa mche. Sauti yake ikamalizia: "Huu ndio weupe!"

Duda akapiga makofi. "Bronia! Kumbe wewe nyota na hutuambii!"

Shangazi alikuwa amesimama katikati ya sebule, uso umemwiva. "Maji ya viazi yako wapi?" akaiuliza televisheni. "Wewe! Maji ya viazi umeyapeleka wapi?"

Tangazo lilirudi kila jioni. Buchani wakaanza kumwita Mama Glorel. "Mama Glorel, soseji ngapi leo?" Wengine walifanya utani, wengine walikuwa na sumu. "Miaka yote anatuchemshia maji kama mchawi, kumbe ana pakiti chini ya sinki." Kila aliyemtania, shangazi alimjibu, na kila aliyejibiwa alicheka zaidi.

Kisha Halina Wrona, mwenzake wa parokia, alikuja akilia, amekumbatia kitambaa cha meza cha lesi. Mama yake marehemu alikuwa amekifuma kwa mkono, akatoka nacho Poland. Halina alikuwa amekiloweka kwenye Glorel ili kitumike kwenye harusi ya binti yake. Kilikuwa kimegeuka njano, na kona mbili zilimeguka ukizigusa.

"Ulisema mwenyewe, Bronia," akasema. "Nilikusikia kwa masikio yangu."

Shangazi alikipokea kile kitambaa kwa mikono miwili, akakilaza mezani, akakaa akikitazama. Kesho yake alivaa koti lake la kanisani tukashuka mjini, kwenye ofisi ya watu wa matangazo ambako Tolliver alikuwa akija kila mwezi, tukamkuta.

"Maneno ni yako, mama," Tolliver akasema. "Hatukuongeza hata moja."

"Hamkuongeza, mmeyachinja! Umechukua kichwa na mkia, tumbo umetupa!"

"Ulitia sahihi."

"Nilitia sahihi upige picha, sikukuuzia ulimi wangu. Kitambaa kile ni changu, nimekifua mimi, na wewe sifa yake umeipa sabuni yako. Kwenu huo si wizi?"

Tolliver alimpa pakiti sita za Glorel kama zawadi. Shangazi aliziacha sakafuni, akampita bila kuaga.

Oktoba, chama cha akina mama wa parokia kilialikwa kwenye kipindi cha mchana cha kituo kimoja cha mjini, kipindi cha mapishi kilichorushwa moja kwa moja. Mdhamini wake alikuwa Glorel. Shangazi alikaa safu ya mbele. Mtangazaji, bibi mmoja mchangamfu, alipopita na kipaza sauti akamtambua, akapiga kelele za furaha.

"Jamani, tunaye mama wa Glorel mwenyewe! Hebu waambie watazamaji yale maneno yako, mama!"

Shangazi akakishika kipaza sauti kwa mikono yote miwili. "Nitayasema yote. Nimefua miaka thelathini na moja, sijapata kuona sabuni kama hii. Inafanya kitambaa kiwe rangi ya maji ya viazi! Cheupe mlichoonyeshwa nilikifua kwa mche. Hawa watu walinikata maneno, na Halina Wrona ameharibikiwa na lesi ya marehemu mama yake!"

Mtangazaji alivuta kipaza sauti, shangazi hakukiachia. Mpiga kinanda alianza wimbo ambao zamu yake haikuwa imefika, kamera ikakimbilia kwenye sufuria ya kabichi. Akina mama wa Polish Hill walisimama wote wakapiga makofi, na Halina ndiye aliyepiga kwa nguvu zaidi.

Tangazo liliendelea wiki tatu nyingine, kisha likatoweka. Kampuni ya Glorel ilimwandikia shangazi barua moja: muda wa tangazo ulikuwa umekwisha kama ilivyopangwa. Hakuna mahali waliposema samahani. Shangazi alinifanya niisome mara nne, akilitafuta neno hilo, kisha akaniamuru nijibu. Hatukupata jibu. Majira yote ya baridi alikaa dirishani kwa Halina wakizifuma upya kona za ile lesi, na kila alipochomwa na sindano alimtaja Tolliver.

Mwezi Machi bwana mwingine mwenye kofia nzuri alibisha hodi. Alitoka kampuni shindani ya sabuni, akasema wamemwona kwenye kile kipindi, wanapenda mama msema kweli.

"Kweli yangu mnaitaka yote," shangazi akamuuliza, "au vipande?"

Bwana yule akacheka kidogo, akaanza kufungua mkoba wake. Shangazi alimfungia mlango.