Kitenge cha Mama Kwenye Mto Kongo

Ofisi ninayofanyia kazi kule Midrand ina bwawa la kuogelea ambalo sijawahi kumwona mtu akiogelea humo. Kila wanapolitia dawa, harufu ya klorini hupanda hadi dirishani kwangu, nami huacha kazi nikajikuta nina miaka minane, nimekaa kwenye boti ya plastiki, mdomo wazi. Kwa muda mrefu hiyo ndiyo harufu niliyoijua kuwa ya Mto Kongo. Msinicheke bado.

Nilizaliwa Johannesburg, tukikaa Jeppestown, chumba kimoja juu ya karakana ya magari. Mama alikuwa msusi, mzaliwa wa Kindu, mji uliokaa ukingoni mwa mto wenyewe. Yeye alisema nami Kiswahili, mimi nikamjibu Kizulu. Shuleni waliniambia kwamba watu wa Kongo hulala juu ya miti, na siku moja nilirudi nyumbani nikamtangazia mama kwamba kuanzia leo mimi si Mkongomani. Hakunipiga. Alinyamaza hadi jioni, na mama yangu akinyamaza ni afadhali angekuchapa.

Kisha mteja mmoja akamwambia kwamba kwenye bustani ya burudani, kusini mwa jiji, kuna boti zinazopita Mto Kongo. Mama akaamini. Johannesburg si ilikuwa na kila kitu? Jumamosi, siku ambayo msusi hafungi saluni hata akiwa na homa, alifunga. Akavaa kitenge chake kizuri cha manjano, na juu yake akajifunga kingine, kama wafanyavyo kina mama wa kwao wakitoka. Akamwalika na Lindiwe, rafiki yangu wa darasani, mmoja wa wale wa habari za miti.

"Leo mutaona kwetu," alituambia njia nzima. "Mutaona namna tulikuwa tunaishi."

Maji yalikuwa ya kijani kama rangi ya kupakia mlango. Boti ikaingia kwenye pango la saruji, ngoma zikalia kwenye spika. Kona ya kwanza tukamkuta mamba wa mpira, mama akatabasamu kwa adabu. Kona ya pili boti ikasimama ili spika imalize hadithi yake, na hapo tukawaona. Masanamu meusi tii yenye mifupa puani yamekizunguka chungu kinachofuka moshi, na ndani ya chungu sanamu la Mzungu mwenye kofia. Pembeni, karibu kabisa na maji, sanamu la mwanamke mtu mzima, uchi kama alivyozaliwa, limekenua meno yote.

Watu wakacheka. Lindiwe hakucheka. Aliniuliza taratibu, kwa nia njema kabisa, akitumia neno la Kizulu la bibi: "Gogo wako ni yupi?"

Sikuwa nimewahi kushtuka vile. Nilimgeukia mama nikitaka aseme ni uongo, nikamkuta naye ameduwaa, mkono kifuani. Halafu akasimama, boti ikayumba, kijana aliyeiongoza akamsihi akae.

"Jambo yako, mama," alimwambia yule mwanamke wa sanamu. Akafungua kitenge chake cha juu, akainama ukingoni, akamfunga kifuani, fundo barabara. Kisha akamgeukia kijana: "Huyu ni mama ya watu. Atakaaje uchi mbele ya batoto?"

Mimi nilitamani yale maji ya rangi yanimeze.

Niliporudi huko na wenzangu wa sekondari, mifupa ilikuwa imetolewa puani, Mzungu ameokolewa chunguni, na masanamu yote yamevishwa sketi za nyasi. Yule mwanamke bado alikuwa na kitenge cha mama, kimepauka. Nilijifanya sijakiona.

Mwezi uliopita nilimpeleka binti yangu. Nilisikia wamekarabati kila kitu na mambo yote ya aibu yameondolewa, na ni kweli. Hakuna sanamu la mtu hata moja. Kuna ukungu, kuna ndege, kuna masokwe wanaopepesa macho. Sauti nzito ikatukaribisha Mto Kongo, nchi ambayo haijawahi kukanyagwa na binadamu.

Nilikuwa nimekwenda kufurahi, nikashtuka vibaya kuliko mara ya kwanza. Binti yangu akanivuta mkono: "Sasa Gogo alizaliwaje huku?"

Tuliposhuka nilimpigia mama simu. Nikamweleza yote, nikidhani atafurahi kwamba hatimaye wameona haya.

"Na ule mama?" akauliza. "Balimupeleka wapi?"

Miaka yote niliamini kwamba siku ile mama alimfunika kwa kuwa alimwonea aibu, kama mimi. Lakini alimsalimia kwanza, tena kwa heshima, nami nilisikia kwa masikio yangu nikaona ni vituko tu. Mimi nilitaka yule mwanamke aondolewe. Mama alitaka avishwe, abaki.